MCHUNGAJI ANAJIBU: Mwana-kwaya na Mkuki wa Baba Yake

 

Mwezi huu nashika barua moja tu, sababu iko nzito. Imeandikwa na kijana wa miaka 24, mtoto wa hapa kwetu Bogoro, ambaye sasa anachimba dhahabu. Kila wakati wa jua kali anarudi nyumbani na kuwinda kwenye miteremko inayoshuka kuelekea Ziwa Albert. Anasema mambo matatu. Mzee mmoja wa kanisa amemtoa kwenye kwaya, akisema kuwinda ni kazi ya wapagani. Tena mjomba wake anataka kumchanja dawa ya mawindo, na bila chale hatamkubali kwenye kundi. Na nyama anayopata ndiyo inayolipa karo ya wadogo zake wawili, maana baba yao alikwisha kufa. Anamaliza hivi: "Pasta, nikimtii mzee, watoto wanafukuzwa shuleni. Nikimtii mjomba, namwacha Yesu. Nifanye nini?"

Mwanangu, asante kwa kuandika. Wengi wenye shida kama yako wananyamaza tu.

Tuanze na mzee. Kwa heshima yote, katika jambo hili hana Neno la kusimamia. Nimrodi anatajwa katika Mwanzo 10 kuwa mwindaji hodari, wala halaumiwi pale juu ya kuwinda. Esau alikuwa mtu wa pori. Ni kweli alipoteza haki yake ya mzaliwa wa kwanza, lakini hakuipotezea porini; aliipotezea jikoni, mbele ya sahani ya dengu. Kumbukumbu la Torati 14 inahesabu kulungu na paa kati ya nyama ambazo Waisraeli waliruhusiwa kula, na nani angezileta mezani kama si mwindaji? Walawi 17 inamwagiza mwindaji amwage damu ya nyama na kuifunika kwa udongo. Mungu hawezi kutoa kanuni za kufanya vizuri kazi aliyoikataza. Na Mezali 12 inamcheka mvivu ambaye hata nyama aliyoikamata hachomi! Basi kuwinda si upagani. Upagani unaweza kuingia ndani yake, kama unavyoingia katika biashara, katika mpira, hata katika uchaguzi wa wazee wa kanisa.

Sasa mjomba. Hapa sina njia ya katikati. Chale za mawindo si dawa ya tumbo. Ni mapatano na roho fulani, kwamba itakuletea nyama na wewe utaiheshimu kwa miiko yake. Aliyebatizwa alikwisha kuwa na Bwana. Lakini kumkataa mjomba si kumtukana. Usimpelekee maneno haya njiani au mbele ya vijana wenzako. Nenda nyumbani kwake jioni, pamoja na mtu mzima anayemheshimu, uchukue sukari na sabuni kama mtoto anayemtembelea mkubwa wake. Mwambie: "Mjomba, nitaamka wa kwanza, nitabeba mzigo mzito kuliko wote, lakini mwili huu nilikwisha kuutoa siku ya ubatizo." Akikasirika, nyamaza, urudi tena wiki nyingine.

Tena nikuambie kitu kimoja. Mjomba wako hapati nyama sababu ya chale. Anapata sababu amekanyaga miteremko ile miaka mingi. Siku anayopata, anasifu dawa; siku tano anazorudi mikono mitupu, anasema mtu fulani alivunja mwiko. Kumbe elimu iko ndani ya macho na miguu yake, na elimu ile unaweza kujifunza bila kuchanjwa.

Ninyi wa Bogoro mnajua nchi ilivyo. Huku juu ni majani na baridi ya asubuhi. Ukienda upande wa mashariki, nchi inavunjika na kushuka mpaka ziwa, ambalo liko karibu mita 620 juu ya usawa wa bahari. Kule chini mvua ni chache kuliko huku, jua linachoma, kuna mawe, miiba, na makorongo yanayokauka. Mbawala anapenda vichaka vya makorongo hayo. Dume ana pembe za kujipinda, jike hana pembe. Anakula alfajiri na jioni, mchana analala kwenye kivuli, na akishtuka anabweka karibu kama mbwa. Hapendi kwenda mbali na kichaka chake, ndiyo maana aliyemwona leo anaweza kumtafuta palepale kesho. Tohe anakaa kwenye majani marefu karibu na maji, na hatari ikija anapiga mluzi. Wale swala wekundu wa nyanda za Semliki, ambao wazungu wanaita kobi, wao ni watu wa kundi na uwanja wazi.

Halafu upepo. Asubuhi, jua likipasha mawe, hewa inapanda mlima. Jioni, baridi ikiingia, hewa inashuka. Kwa hiyo ukikaa juu ya korongo kabla ya jua kupasha, harufu yako inateremka na mbawala anajua habari zako kabla hujamwona. Ukingoja kidogo, hewa inageuka na kukuletea harufu yake. Hakuna roho hapo. Ni Mungu aliyepanga joto na baridi.

Ndugu zetu Bambuti wa pori la Ituri wanajua mambo ya namna hii kuliko sisi wote. Kuna wanaounganisha nyavu zao kwa nusu duara, na wanawake wanafukuza nyama kwa kelele kuelekea nyavu. Efe wanatumia zaidi upinde. Mtu anaweza kupanda juu ya mti wenye matunda na kungoja mboloko waje kula yaliyoanguka. Mbwa wao hawabweki, basi wanawafunga kengele ya mti shingoni ili wajue wako wapi. Na kuna anayeweza kuita mboloko kwa sauti ya puani mpaka mnyama anakuja mwenyewe. Apolo Kivebulaya, mwinjilisti aliyetoka Uganda akafika Mboga mwaka 1896, alitembea mpaka kwa watu hao wa pori, na alikuta kwao akili nyingi ambayo wakubwa wa wakati ule hawakuiona.

Mbali sana, katika jimbo la Arizona huko Marekani, kuna milima mikavu ya mawe na miiba ambayo nadhani ingemkumbusha mtu wa Kasenyi kwao. Humo anaishi kulungu mdogo mwenye mkia mweupe. Wawindaji wa kule wana bunduki nzuri na magari, lakini kazi yao kubwa ni kukaa. Mtu anapanda kilima kabla ya mapambazuko, anaweka darubini yake, anaangalia mteremko wa ng'ambo saa tatu, saa nne, akitafuta sikio moja tu linalotikisika kwenye kivuli. Wengine wanafika siku nyingi kabla ya msimu kufunguliwa, si kupiga, bali kujua tu nyama wanakunywa wapi na wanalala wapi.

Nataja Marekani kwa sababu nyingine pia, na hapa nawaomba ninyi wa machimbo msikilize. Karibu na mwaka 1900, kulungu hao wenye mkia mweupe walikuwa karibu kuisha katika nchi ile yote. Walibaki kama laki tano au chini yake. Waliomalizwa hawakumalizwa na baba mmoja anayelisha watoto wake. Walimalizwa na wale waliopiga kwa ajili ya soko, wakauza nyama na ngozi mijini na kwenye kambi za wafanyakazi. Ndipo serikali ikakataza biashara ile. Mwaka 1900 ilitoka sheria juu ya kusafirisha nyama iliyowindwa kinyume cha sheria, na mwaka 1937 kodi ya bunduki na risasi ikawekwa kwa ajili ya kutunza wanyama. Leo kulungu wale ni karibu milioni 30.

Na sisi? Dhahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903, na tangu hapo kila kambi inataka nyama. Mtu mmoja akila mboloko mmoja, pori halisikii. Lakini machimbo ya watu elfu moja yakitaka nyama kila jioni, kijana anaweka nyaya hamsini za mtego, hawezi kuzitembelea zote, na nyama inaoza ndani ya waya. Huko si kuwinda tena, ni kuharibu. Waya hauchagui. Unashika jike mwenye mimba sawasawa na dume. Mbawala anabeba mimba karibu miezi sita na kuzaa mtoto mmoja tu, ambaye anafichwa kwenye majani. Soma Kumbukumbu la Torati 22 juu ya ndege na makinda yake, jinsi mama anavyoachwa aende zake. Mwindaji wa mkuki au upinde anaweza kuona na kuchagua. Moto wa kuchoma mlima mzima nao hauchagui, na nyumba ngapi na mihogo mingapi vimekwenda na moto wa namna hiyo!

Sheria za nchi pia zipo. Ile ya 28 Mei 1982 juu ya kuwinda inataka mtu awe na ruhusa ya serikali, na ile ya 11 Februari 2014 inalinda viumbe na hifadhi. Uliza ofisi ya mazingira kabla ya kushuka. Okapi, tembo na sokwe usiguse hata kidogo. Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, si shamba la mtu. Mnakumbuka Juni 2012, wakati wenye silaha walipovamia Epulu, wakaua watu, na okapi 14 wakafa. Dhahabu na pembe za tembo vilikuwa ndani ya ugomvi ule.

Neno juu ya afya, nasema haraka lakini mlishike: nyama uliyoikuta imekufa porini, iache. Usiiguse, usiipeleke hata kwa mbwa. Ebola ya Agosti 2018 mpaka Juni 2020 iliua zaidi ya watu 2.200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri yetu, na ugonjwa ule unaweza kumfikia mtu kwa damu ya mnyama mgonjwa.

Na bunduki. Kijana hakuandika kwamba anayo, lakini anasema rafiki mmoja wa machimbo anataka kumwazima. Kataa, tena kataa leo. Silaha ya vita si chombo cha kuwindia mbawala, na hujui imetoka kwa nani. Tena hapa Bogoro hatujasahau alfajiri ya 24 Februari 2003. Wako mama ambao mpaka sasa, wakisikia mlio mmoja upande wa mlima kabla ya jua, wanachukua watoto na kukimbia. Askari naye akikukuta gizani na bunduki hatakuuliza kama uko mwana-kwaya. Hata mkuki, mwambie chifu wa kijiji na jirani siku unayoshuka na njia utakayopita. Kama kuna habari mbaya barabarani, kaa nyumbani.

Sasa karo. Nyama ya msimu mmoja haitabeba watoto wawili mpaka diploma. Pesa ya nyama ya kwanza utakayouza kwa haki, nunua mbuzi jike mmoja, mwache kwa mama yako. Machimboni, kila mara ukipata kidogo cha dhahabu, ongeza mwingine kabla ya kununua simu mpya. Na mwalimu mkuu wa shule, mwendee mwenyewe, usingoje afukuze watoto. Wengi wanakubali kulipwa kidogo kidogo kama mtu amekuja na uso wake.

Juu ya kwaya, nimeandika barua kwa mchungaji wako, bila kutaja neno la kumwumiza mzee. Naomba baraza likae nawe na mzee pamoja, mfungue yale mafungu niliyoandika juu. Kama ulikwisha kukubali chale kabla ya barua yako kunifikia, sema wazi siku hiyo, mbele yao. Kama bado, waeleze ulivyomjibu mjomba.

Mwezi ujao, Bwana akipenda, nitajibu mama wa Nizi anayeuliza juu ya mume aliyeweka mashamba ya jamaa rehani kwa ajili ya shimo la dhahabu.