Usimkate Muuzaji Mshahara, Mpe Macho

Jumamosi moja jioni, watu wanne walifika kwenye duka la jumla la shangazi yangu. Wawili walianza kuuliza bei za sukari na unga, kila mmoja akitaka kujibiwa kwanza. Wa tatu alichukua mitungi miwili ya mafuta ya kupikia, ile ya lita 20, akasema ameshalipa, akamwonyesha muuzaji meseji kwenye simu yake. Jina la duka lilikuwepo, pesa ziko kamili, hata namba ya muamala ilikuwepo. Wa nne alikuwa anangoja nje na pikipiki.

Meseji ilikuwa feki.

Shangazi alipogundua usiku, alimwambia yule dada wa dukani kwamba atalipa pole pole kutoka kwa mshahara wake. Naelewa uchungu wake. Faida ya duka la jumla ni ndogo, na mtungi mmoja ukienda, lazima uuze mingi ndio uurudishe. Lakini hapo shangazi alikosea, na wenye maduka wengi hukosea hivyo hivyo.

Hebu fikiria. Wezi walikuwa wanne, kila mtu na kazi yake. Muuzaji alikuwa mmoja. Meseji za Till huingia kwa simu ya shangazi, na siku hiyo shangazi alikuwa nyumbani. Kitu pekee ambacho yule dada angeangalia ni simu ya mteja, yaani simu ya mwizi! Tulimweka kaunta bila macho, halafu tukamlaumu kwa kutoona.

Tena, kumkata mshahara kunawasaidia wezi. Muuzaji anayejua atalipishwa, akiibiwa kitu kidogo atanyamaza. Akinyamaza, jirani hapati habari, na kesho genge lile lile liko kwake.

Hata sheria imeweka mipaka. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha kadiri kama mali imepotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Zikiwa ni pesa zimepungua, lazima iwe ni uzembe wake au amekosa uaminifu, na mkataba wake uwe umesema wazi kwamba amekabidhiwa pesa. Kuzungukwa na watu wanne si makusudi.

Sasa tufanye nini? Kwanza, malipo yaonekane kaunta. Weka hapo simu inayopokea meseji za Till, na PIN ya kutoa pesa ibaki kwako mwenye duka. Pili, mzigo usitoke mpaka malipo yaonekane upande wa duka. Meseji ya mteja si risiti. Tatu, wenye maduka wa mtaa mmoja muwe na grupu ya WhatsApp, na muuzaji aruhusiwe kuandika "tumeibiwa" bila kuogopa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na wewe mteja, una kazi pia. Siku ukiambiwa "ngoja kidogo niangalie kama imeingia," usikasirike wala usiseme unaitwa mwizi. Hizo sekunde chache unazongoja ndizo zinalinda mshahara wa mtu.