Je, Aliyeua kwa Ajili ya Amani ni Shujaa?



Wazazi wengi wakimwona kijana na kitabu cha katuni humwambia, "Acha upuuzi huo, kasome." Sisi walimu nasi tumeyasema hayo mara nyingi. Lakini kipo kitabu kimoja kilichotufanya tufikiri upya.

Kitabu hicho ni Watchmen, kilichoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, wote Waingereza. Kilitolewa Marekani kwa sehemu 12, mwaka 1986 na 1987, wakati watu wakihofia vita vya nyuklia baina ya Marekani na Umoja wa Kisovieti. Katika hadithi hiyo, shujaa aitwaye Ozymandias, mwenye akili kuliko wenzake, anaua mamilioni ya watu New York kwa hila, ili mataifa hayo mawili yadhani yana adui mmoja, yaache uhasama. Na hila yake inafaulu!

Hapo ndipo vijana hubishana: je, si ameokoa wengi zaidi?

Jibu tunaliona katika mpangilio wa kurasa. Kurasa nyingi zimegawanywa visanduku tisa, vitatu kwa vitatu. Ndani ya visanduku hivyo tunakutana tena na tena na muuza magazeti wa mtaani, na mvulana anayekaa kando yake akisoma katuni bila kununua. Mwisho wa sehemu ya 11 wanakumbatiana, na mwanga mweupe unawafuta. Sehemu ya 12 inaanza bila visanduku: picha za ukurasa mzima, moja baada ya nyingine, za maiti mjini. Ozymandias alihesabu idadi tu. Msomaji anawakumbuka watu aliowazoea.

Vijana wetu husikia watawala na makundi wakidai kuwa damu ya leo ndiyo amani ya kesho. Tuwaulize: nani aliyempa mtu huyo haki ya kuchagua wa kufa? Sisi tunajua uzito wa nafsi moja katika Sura Al-Maida, aya ya 32.

Tahadhari: hiki si kitabu cha watoto. Kina mauaji ya kutisha na picha za utupu. Mzazi akisome kwanza, kisha apime kama kijana wake amefikia umri. Tukikataza tu bila kuzungumza, atakisoma kwa siri, na huenda akakifunga akiamini Ozymandias ndiye shujaa.