Mwanza Baada ya Daraja: Mgeni Atapita au Atakaa?

Tangu Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J. P. Magufuli, kuvuka Ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo na Busisi kumekuwa safari ya dakika chache. Awali, msafiri wa Sengerema, Geita na Kagera, au anayeelekea Rwanda na Burundi, alitegemea kivuko, na mara nyingine saa mbili zilipita kabla hajafika ng'ambo. Daraja hilo, lenye urefu wa takribani kilomita 3, limeondoa adha hiyo. Wakati huohuo, limeibua swali: mgeni asiyelazimika tena kusubiri ana sababu gani ya kukaa Mwanza?

Sababu zipo. Jiji hili halipakani na nchi jirani kwa nchi kavu. Lango lake ni maji. Takribani nusu ya Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, ipo Tanzania. Meli ya MV Umoja hubeba mabehewa ya mizigo kutoka Mwanza Kusini hadi Port Bell, Uganda, na MV Victoria huhudumia abiria wa Bukoba.

Ndani ya jiji, mgeni hupanda boti kwa muda mfupi na kufika Kisiwa cha Saanane, Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2013. Bujora, eneo la Kisesa, kuna makumbusho ya utamaduni wa Wasukuma. Kwa barabara ya Musoma, lango la Ndabaka humwingiza Serengeti kutokea magharibi.

Igoma nako panastahili kutembelewa kwa heshima. Hapo wamezikwa wahanga wa MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996. Atakayefika hapo ataelewa kwa nini kuhesabu abiria na kuvaa jaketi okozi ni ulinzi wa uhai, si usumbufu.

Kwa wachuuzi wa samaki, matunda na chakula waliotegemea foleni ya kivuko, suala hili ni la riziki. Foleni ilimleta mteja bila kumwita. Sasa lazima avutwe. Maegesho salama, masoko safi, vyoo na vibao vya maelekezo karibu na barabara ya daraja ndivyo vitakavyomfanya dereva asimame. Daraja limeokoa muda wa msafiri. Kazi iliyobaki kwa halmashauri na wananchi ni kumshawishi autumie sehemu ya muda huo Mwanza.