Mzazi anaposahau, tusikimbilie kusema karogwa



Ndugu msomaji, upo mtihani unaozifika familia nyingi: mzazi aliyekuwa na akili timamu huanza kusahau. Huuliza wakati wa sala mara sita kwa saa moja, humsahau mwanawe kwa jina, humtuhumu mkaza mwana kuwa kamwibia fedha. Hapo husemwa mzee karogwa, kapandwa na jini, au anafanya kusudi. Maneno hayo yamevunja nyumba. Ni wajibu wetu kwanza kujua linalotokea.

Karibu kila seli ya mwili hutengeneza protini, nazo ndizo watendakazi wake. Protini huanza kama uzi mrefu, na aghalabu haifanyi kazi mpaka uzi huo ukunjwe katika umbo lake maalumu. Ikikunjwa vibaya au ikichakaa, yapasa iondolewe. Mwenyezi Mungu amejaalia njia za usafi huo. Katika njia moja, protini mbovu hutiwa alama kwa protini ndogo iitwayo ubikuitini, kisha hupelekwa penye kukatwakatwa. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walitunukiwa Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa ugunduzi huo. Katika njia nyingine, seli huzizingira taka kwa utando mfano wa mfuko, ikazivunjavunja na kutumia tena mabaki yake. Yoshinori Ohsumi wa Japani aliichunguza njia hii katika hamira, akatunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2016.

Usafi huu ukizidiwa, taka hurundikana. Seli za ngozi hubadilishwa mara kwa mara, bali seli nyingi za ubongo hudumu nasi umri wote, hivyo mrundikano huo huzielemea zaidi. Mwaka 1906 daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani alieleza mabonge na nyuzi zilizosokotana alizoziona katika ubongo wa mwanamke aliyefariki baada ya kupotewa na kumbukumbu. Leo yajulikana kuwa mabonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za tau. Katika maradhi ya Parkinson, yenye kutetemesha viungo, hurundikana protini nyingine iitwayo alfa-sinukleini.

Hapa yapasa tahadhari. Kwa kuwa Ohsumi aliinyima hamira chakula ndipo akauona usafi ule, wapo wanaotangaza kuwa saumu huponya usahaulifu wa uzeeni. Hilo halijathibitishwa kwa wanadamu. Sisi twafunga kwa kuwa ni ibada. Tusiitundike ibada kwenye dai ambalo kesho laweza kubatilishwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, mzee apelekwe hospitali mapema. Si kila usahaulifu ni maradhi haya. Upo utokanao na upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, huzuni au dawa anazotumia, na huo mara nyingi hutibika. Pili, tusibishane naye wala kumwita mwongo, kwani ubongo wake ndio unaougua. Tatu, tusimkaripie akikosea rakaa, kwani sharia humwondolea wajibu aliyepotewa na akili. Nne, uuguzi usiachiwe binti mmoja au mkaza mwana peke yake. Watoto wa kiume nao washike zamu, kwa mikono yao na si kwa kutuma fedha tu.

Qur'ani yenyewe, katika Surat An-Nahl aya ya 70, imetaja umri ambao mtu hurejeshwa asijue alichokuwa akikijua. Na katika Surat Al-Israa aya ya 23, uzee wa wazazi umetajwa waziwazi, na papo hapo tukakatazwa hata neno dogo la kuonyesha kuchoshwa nao. Basi mzazi akiuliza wakati wa sala kwa mara ya sita, ajibiwe kwa upole uleule wa mara ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.