Wacheni Hizo Programu za Kusafisha Kompyuta

Wasee, nani aliwadanganya kompyuta huoshwa kama matatu? Hiyo programu ya "kusafisha" unayowekewa pale saiba inaingia kwenye rejista ya Windows, penye Word na Excel husoma vile zitafunguka, na kufuta chochote inachodhani ni takataka. Kesho una CV ya kutuma, unabonyeza Word. Kimya. Na spidi? Wapi! Maandishi ya rejista ni madogo mno, kuyafuta hakuongezi kitu. Microsoft wenyewe wamesema hawaungi mkono hizi programu.

Ishakuangusha? Usilipe mtu akuwekee Windows upya. Ingia Control Panel, Programs, chagua Office, bonyeza Change, halafu Quick Repair. Ikigoma, Online Repair, lakini hiyo hushusha Office nzima, so tafuta WiFi ya mtu.