Kupiga kura: iwe lazima au ibaki hiari?

Katika vikundi vingi vya hisa vijijini kwetu, mwanachama asiyefika mkutanoni bila ya udhuru hulipa faini. Fedha yenyewe si nyingi, lakini huitoa mbele ya wenzake na jina lake likaandikwa daftarini. Hakuna anayeona ajabu. Ndiyo maana kuna swali halitoki barazani: ikiwa kikundi cha watu ishirini na tano kinamlazimisha mwanachama ahudhurie, kwa nini nchi isimlazimishe raia kupiga kura?

Ziko nchi zinazofanya hivyo. Ubelgiji ilianza mwaka 1893. Australia ilipitisha sheria yake mwaka 1924, baada ya uchaguzi wa mwaka 1922 ambao waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Uchaguzi uliofuata, wa mwaka 1925, walipindukia asilimia 91. Hadi leo Muaustralia asiyepiga kura ya taifa bila ya sababu ya msingi hutozwa faini ya dola 20 za nchi yake. Brazil nayo hulazimisha, lakini huwaachia hiari vijana wa miaka 16 na 17, wazee waliopindukia 70 na wasiojua kusoma na kuandika.

Kwetu mambo ni mengine. Ibara ya 5 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kuwa raia aliyetimiza miaka 18 anayo haki ya kupiga kura. Neno lililotumika ni haki. Na mwenye haki anaweza kuitumia au kuiacha.

Wanaotaka iwe lazima wana hoja nzito. Mwaka 2010 Tanzania iliandikisha wapiga kura zaidi ya milioni 20, lakini waliopiga kura ya Rais hawakufika milioni 9. Yaani zaidi ya nusu walibaki nyumbani. Kiongozi akichaguliwa na wachache, atawasikiliza wachache hao. Barabara ya shamba na maji ya bomba hupelekwa kwanza kule kura zinakohesabiwa.

Lakini hapa Pemba tunalo jambo ambalo Australia hawanalo. Uchaguzi wa Zanzibar wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulifutwa siku tatu baadaye na Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha. Uliporudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ilisusia. Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Wafuasi wengi wa CUF kisiwani hapa hawakwenda vituoni, na si kwa uvivu wala kwa kutojali. Kutokwenda ndiko kulikokuwa kauli yao. Lau sheria ingewalazimisha, wangetozwa faini kwa kusema hapana.

Tuseme na upande wa pili, kwani kususia nako kuna gharama. Viti vya Pemba, ambavyo CUF ilizoea kuvichukua, vilikwenda CCM. Nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, iliyotokana na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ikakaa bila ya mtu mpaka Disemba 2020. Asiyepiga kura huweza kutoa ujumbe, lakini hatumi mwakilishi.

Liko na suala la nani ataumia. Uchaguzi wetu huangukia Oktoba. Msimu wa karafuu ukiwa umekolea, wachumaji huwa makambini, na wavuvi huwa dago mbali na shehia zao. Wengine huja kituoni wakakuta majina yao hayamo. Huwezi kumtoza mtu faini kwa kutoingia mlango uliofungwa. Anayetaka kura iwe lazima aanze kwa kuhakikisha kila mwenye haki anapata kitambulisho, anaandikishwa na anafikiwa alipo.

Sasa turudi kwenye kikundi chetu. Faini yake inakubalika kwa sababu wanachama wenyewe ndio waliotunga kanuni, na asiyeridhika anaweza kuchukua hisa zake akaondoka. Raia hana pa kuondokea. Zaidi ya hayo, kikundi humlazimisha mtu kufika, hakimnyanyui mkono. Hata Australia, kwa vile kura ni ya siri, hakuna awezaye kujua kama karatasi uliyotumbukiza ina alama au haina.

Kwa mtazamo wetu, kikundi cha hisa au ushirika una haki ya kudai mahudhurio, hasa siku ya kuchagua viongozi na kugawana fedha, maana mweka hazina aliyechaguliwa na watu watano atashika jasho la wote. Kanuni itaje wazi nani anasamehewa: mgonjwa, mzazi, aliyefiwa na aliye baharini. Lakini kura ya nchi ibaki hiari. Mtu akiamini kuwa kura yake itahesabiwa kama alivyoipiga, atajihimu alfajiri bila ya kusukumwa. Asipoamini, faini itamfikisha kituoni, lakini imani hairudi kwa faini.

Nanyi wasikilizaji, jee, kikundi chenu hufanyaje kwa mwanachama asiyepiga kura?