Acheni Kubomoa Reli ya Mwenzenu

Haya wasomaji wangu, leo sizungumzii simu wala kompyuta. Nazungumzia treni. Si zile za Syokimau, bali zile ndogo za umeme zinazokimbia juu ya meza. Mkinivumilia kidogo mtaona kwamba hatujatoka mbali na mambo yetu ya kila siku ya kuandika programu.

Kuna ushauri mmoja ambao nimeusikia mpaka masikio yamechoka. Mwambie mtu yeyote mwenye uraibu wa treni kwamba umenunua reli ya mfano iliyotumika, na kwamba haitoshei vizuri katika chumba chako. Atakujibu kabla hujamaliza kusema: "Bomoa! Chukua injini na mabehewa, tupa mbao na nyaya, uanze upya." Kisha muulize programa kuhusu programu aliyoikuta kazini, iliyoandikwa na mtu aliyekwishaondoka. Jibu ni lile lile, neno kwa neno.

Mimi nasema ushauri huo ni mbaya. Nasema mara nyingi ni uvivu uliovaa suti. Kusoma kazi ya mwingine ni kugumu kuliko kuanza yako, na badala ya kukiri hivyo tunasema kazi ile ni takataka.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Reli ya mfano si treni pekee. Ni mpangilio mzima: meza za mbao, reli, pointi (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili), milima ya plasta, vituo, na chini ya meza msitu wa nyaya. Mpangilio nilionao ulijengwa hapa Nairobi na mzee mmoja Mwingereza kwa miaka mingi ya jioni zake. Alipohamia kwa binti yake ng'ambo akauuza. Kwake ulikaa katika chumba kirefu, umbo la herufi L, mita 4.8 kwa 2.4. Chumba changu ni mita 3.7 kwa 3, ghorofa ya tatu, ngazi zenye kona mbili. Kwa hesabu ya haraka, mzigo huu hauingii. Ndipo wenzangu wakaanza wimbo wao: bomoa, bomoa, bomoa.

Sikubomoa, na hoja zangu ni hizi.

Hoja ya kwanza: kitu usichokielewa si lazima kiwe kimeharibika.

Upande mmoja wa mpangilio huu kuna kituo cha mwisho wa safari. Upande wa pili, nyuma ya kilima, kuna njia nne za kufichia treni ambazo mtazamaji hazioni. Mwisho wa kila njia ile kuna kipande cha reli cha kama sentimita 30 ambacho, ukikipima kwa mita, hakina umeme. Rafiki yangu mmoja, fundi hodari, alikiangalia akasema waya umekatika, reli imekufa, ng'oa.

Nikalala chali chini ya meza na tochi. Kumbe pale reli ilipokatwa kuna diodi ndogo imeunganishwa kuvuka ufa. Diodi, kama mnavyojua, hupitisha umeme upande mmoja tu. Treni ikiingia, umeme unazuiwa, injini inasimama yenyewe kabla haijadondoka sakafuni. Ukigeuza mwelekeo wa umeme ili treni irudi, diodi inafungua njia na treni inatoka. Mzee hakuhitaji kuiona treni yake kule nyuma ya kilima. Kifaa cha shilingi chache, ambacho leo unakipata Luthuli bila kutafuta sana, kilikuwa kikimlindia injini zenye bei ya simu nzuri.

Sasa sikilizeni utamu wake. Nataka kuhamia DCC, ule mfumo ambao umeme na ujumbe wa kidijitali hupita pamoja kwenye reli, na kila injini ina dikoda yenye anwani yake. Katika DCC diodi zile ni lazima zitoke, maana umeme wake hugeuka pande zote mbili maelfu ya mara kwa sekunde, na diodi ikikata upande mmoja dikoda haipati ujumbe kamili. Kwa hiyo hata nikitaka kuziondoa, ni lazima kwanza nijue ziko wapi na zilikuwa zikifanya nini, ili niweke ulinzi mwingine mahali pake. Ujuzi huo hutaupata kwenye pipa la taka.

Hoja ya pili: ukianza upya unatupa majibu ya maswali ambayo bado hujajiuliza.

Maprograma wa rika langu wanaikumbuka Netscape. Toleo la 4 lilitoka mwaka 1997. Kisha wakaamua kuandika kivinjari chao upya kutoka sifuri. La 5 halikutoka kabisa. La 6 lilitoka mwishoni mwa mwaka 2000, na wakati huo Internet Explorer ilikuwa imekwishakalia kiti. Mwaka huo huo wa 2000 Joel Spolsky aliandika makala iliyosomwa sana, akisema mistari ile yenye sura mbaya katika programu ya zamani mara nyingi ni marekebisho ya matatizo yaliyowahi kutokea kweli. Ukiifuta, matatizo hayo yanarudi kukusalimia moja baada ya jingine.

Reli za mfano zina ushahidi wao pia. Treni za Kiingereza za kipimo kiitwacho OO zimepunguzwa mara 76.2, lakini hukimbia juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5. Zidisheni: ni kama milimita 1,257, ilhali reli halisi ya kule ina milimita 1,435. Yaani reli ni nyembamba mno! Reli hiyo ya milimita 16.5 inalingana na kipimo kingine, HO, kilichopunguzwa mara 87. Sababu ni kwamba injini za Uingereza zilikuwa ndogo kwa umbo, na mota za zamani hizo hazikutosha ndani yake, kwa hiyo watengenezaji wakakuza injini wakaiacha reli ilivyo. Mtu asiyejua historia huona kosa la hesabu. Wapo waliolirekebisha kwa ustadi mkubwa, wakatumia reli ya milimita 18.2 au 18.83, nami nawavulia kofia. Lakini wengi wamebaki na "kosa" lile kwa sababu moja tu: kila kitu kinaingiliana na kila kitu. Behewa la babu linakimbia nyuma ya injini ya mjukuu.

Hoja ya tatu, na hii ndiyo wapinzani wangu huipenda: "Muda utakaotumia kuelewa ya mwenzako ungetosha kujenga yako." Nikawauliza: mmepima? Wengi hawajapima. Basi niwaambie nilivyofanya, mpime wenyewe.

Niliuwasha mpangilio kwanza kule kule kwa mwenyewe, kabla ya kugusa skrubu hata moja, nikaendesha treni kila njia nikiandika kinachofanya kazi na kisichofanya kazi. Nikapiga picha. Nikafunga lebo kwenye kila waya, pande zote mbili za mahali utakapokatwa, namba ile ile kushoto na kulia, kisha nikaziandika kwenye jedwali. Zilikuwa 46.

Halafu nikatafuta viungo. Mzee alijenga kwa meza za mita 1.2, kila moja imefungwa kwa bolti na jirani yake. Pale reli zinapovuka kiungo, nilipenyeza skrubu za shaba chini ya reli na kuziunganisha kwa solda kabla ya kukata, ili reli isisogee hata nusu milimita. Ndipo nikakata kwa kisahani chembamba.

Na je, mita 4.8 ziliingiaje kwenye 3.7? Sikukaza kona. Ukikaza kona injini ndefu zinaruka reli, na hakuna programu itakayokuokoa. Nilitoa meza moja ya katikati ambayo ilikuwa na reli iliyonyooka tu. Meza moja! 4.8 ukitoa 1.2 ni 3.6. Kituo kimebaki, kilima kimebaki, kona zimebaki. Meza iliyotoka nimeihifadhi juu ya kabati, siku nikipata nyumba kubwa itarudi mahali pake. Kazi yote ilichukua wikendi tatu. Nionyesheni mtu aliyejenga mpangilio wa mita 3.6 kutoka sifuri kwa wikendi tatu, nami nitafunga mdomo.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila cha kale ni kitakatifu. Waya ambao ngozi yake imekauka inapukutika, tupa. Kasha la transfoma ambalo nyaya za volti 240 ziko wazi, tupa leo hii, usingoje kesho. Nyaya kuu za chini ya meza zilikuwa nyembamba kama uzi, zinafaa mfumo wa zamani wa treni moja kwa wakati, lakini DCC inahitaji zaidi. Nimeweka waya ya 2.5, ile ile mafundi wetu wanayotumia kwa soketi za nyumba. Kisha nikafanya jaribio ambalo kila mtu wa DCC anapaswa kulifanya: weka sarafu juu ya reli mbili kwa pamoja. Shilingi ishirini inatosha. Mfumo ukikata umeme mara moja, nyaya zako ni nzuri. Usipokata, una moto unaosubiri siku yake. Fanya hivyo kila baada ya hatua chache, mpaka mwisho wa kila njia.

Tofauti yangu na wabomoaji ni kwamba mimi hutupa kitu baada ya kukijua.

Kuna mpangilio mmoja ambao kila programa anapaswa kuuheshimu. Klabu ya treni za mfano ya chuo cha MIT kule Marekani, TMRC, ilianzishwa mwaka 1946. Vijana wa nyaya za chini ya meza pale, waliokuwa wakitumia vifaa vya simu vilivyotumika, ndio miongoni mwa waliotuletea neno "haka" kwa maana yake nzuri, na baadhi yao waliandika mchezo wa Spacewar mwaka 1962. Jengo lao, Jengo namba 20, lilibomolewa mwaka 1998. Sehemu kubwa ya mpangilio wao wa zamani haikuweza kuhamishwa, ikavunjwa, wakajenga mwingine. Wabomoaji watasema: unaona? Mimi naona somo jingine. Werevu wote ule ulishindwa kutoka mlangoni. Mzee wangu wa Nairobi, kwa bolti zake kila mita 1.2, alimfikiria mtu atakayekuja baada yake.

Upande mwingine yuko Peter Denny, kasisi Mwingereza, aliyejenga reli yake ya Buckingham kuanzia miaka ya 1940 na kuihamisha na kuibadilisha kila alipohama. Alifariki mwaka 2009. Reli yake ikapata mlezi mpya, ikahamishwa, na ikaendelea kukimbia. Huo ndio ushahidi kwamba inawezekana.

Na kwetu hapa? Reli ya mita moja ilitoka Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Tulipojenga SGR, Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017 na Suswa mwaka 2019, wapo walioiita ile ya zamani vyuma chakavu. SGR ilipoishia Suswa, mizigo ya kwenda Malaba ilihitaji nini? Ile ile ya zamani. Mwaka 2020 treni ya abiria ikarudi Nanyuki juu ya reli ambayo nyasi zilikuwa zimeifunika. Ingekuwa imeng'olewa tungerudi na nini?

La mwisho. Reli yangu sasa naiongoza kwa kompyuta, kwa programu iitwayo JMRI, ambayo ni huria na ya bure. Programu hii ya watu wa treni iliingia katika historia ya sheria. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, ilisema masharti ya leseni huria yana nguvu chini ya sheria ya hakimiliki. Na masharti yenyewe yalikuwa nini? Taja majina ya waliotengeneza. Eleza ulichobadilisha.

Ni hayo tu ninayoyadai kwa reli iliyotumika, na kwa programu unayoikuta kazini. Chini ya meza yangu ya kwanza kuna bahasha. Ndani yake kuna jina la mzee, jedwali la nyaya 46, mahali zilipokuwa diodi nne na kwa nini nilizitoa, na tarehe. Siku moja nitahama, au nitakufa, na mtu atalala chali pale na tochi yake.

Wewe uliyeandika "hii code ni takataka" juu ya kazi ya mwenzako wiki hii, bahasha yako iko wapi?